Mapafu Yamepona, Miguu Imebaki Wodini

Juzi nilimtoa mama mkubwa hospitalini baada ya siku 11 za nimonia, nikimsukuma kwenye kiti cha magurudumu, ilhali siku ya kulazwa aliingia kwa miguu yake mwenyewe, akikohoa na kulalamikia foleni. Dawa zilifanya kazi yake, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na kile kitanda.

Siku ya pili, homa ikiwa imeshuka, nilitaka kumketisha kitini. Muuguzi akaja mbio: "Mwacheni mgonjwa apumzike." Tukamwacha. Tukamlisha uji kwa kijiko kama mtoto, tukamfunika kanga mbili, na kila aliyekuja kumjulia hali akamsihi alale tu, asijisumbue. Mzee akilala chali mchana kutwa, sehemu za nyuma za mapafu hazipanuki vizuri, makohozi yanatuama, na misuli ya mapaja inapungua siku hadi siku. Nasi tulikuwa tunayasimamia yote hayo kwa mapenzi makubwa.

Wala si siri ya wataalamu. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Marekani kwa wagonjwa 458 wa nimonia. Katika wodi ambako mgonjwa alitakiwa atoke kitandani, aketi au atembee kwa angalau dakika 20 ndani ya saa 24 za kwanza, kisha aongezewe kidogo kidogo kila siku, wagonjwa walilazwa kwa wastani wa siku 5.8; wenzao waliohudumiwa kwa kawaida, siku 6.9. Aliyewahi kulipia kitanda anajua thamani ya siku moja.

Nakiri, shingo upande, kwamba muuguzi mmoja hawezi kuitembeza wodi nzima, na kwamba mgonjwa ambaye oksijeni au presha yake bado inayumba hasimamishwi kwa ubishi wa ndugu. Lakini hospitali ya KCMC pale Moshi imefundisha wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, kwa miongo kadhaa. Kwa nini wetu aliitwa siku ya tisa, baada ya mama mkubwa kuanguka akienda msalani, kama fundi anayetafutwa paa likishavuja? Aitwe siku ya kwanza, na sisi ndugu tufundishwe kumwinua mgonjwa, maana tupo pale tumeshika chupa za chai.

Jana alitoka kitandani hadi barazani, hatua 12, mkono wake begani kwangu. Akaketi, akahema kidogo, akauliza chai iko wapi.