Mara 20 ya nini? Maoni yangu kuhusu vidonge vya manjano

Makopo mengi ya vidonge vya manjano siku hizi yanajinadi: yana pilipili manga, hivyo hufyonzwa mara 20 zaidi. Namba hiyo haikubuniwa. Ilitoka kwenye utafiti wa India uliochapishwa mwaka 1998, ambapo watu walipewa gramu 2 za kurkumini (kiini cha njano cha manjano), peke yake na pamoja na miligramu 20 za piperini (kiini kikali cha pilipili manga). Ila bila piperini, kurkumini iliyokutwa kwenye damu yao ilikuwa kiduchu, mara nyingine haipimiki kabisa. Kiduchu mara 20 bado si kingi.

Kurkumini ina balaa mbili. Haiyeyuki kwenye maji, na ile inayofanikiwa kupenya, utumbo na ini huifunga kwa asidi ya glukuroni na kuitoa upesi. Piperini haiyeyushi chochote. Inazuia vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo ya kuifunga, na hapo ndipo ninapoikataa, kwa sababu haivurugi safari ya manjano peke yake: imeonekana kupandisha fenitoini (dawa ya kifafa) na propranololi (dawa ya moyo na shinikizo la damu) kwenye damu. Mgonjwa wa kifafa anayemeza vidonge hivyo anaweza kuwa ameongeza dozi yake bila daktari kujua. (Pilipili ya kwenye pilau haina neno, nazungumzia piperini iliyokamuliwa.)

Mimi naona heri kushughulikia uyeyukaji. Yeyusha sehemu 1 ya kurkumini na sehemu 5 hadi 8 za PVP (polima inayoyeyuka kwenye maji) kwenye ethanoli mpaka isionekane chembe, kisha kausha haraka kwa mashine inayonyunyiza myeyusho huo kwenye hewa moto. Ukikausha polepole, molekuli zinapata muda wa kujipanga tena kuwa fuwele, ambazo ni ngumu kuyeyuka, na umerudi ulikoanzia. Adui wa pili ni unyevu. PVP huufyonza, na kwa hewa ya Dar es Salaam au Mombasa kopo lililoachwa wazi linatosha kuharibu kazi. Unga utabaki na njano yake ileile, lakini ndani fuwele zimerudi. Jaza vidonge kwenye chumba kikavu, weka vifuko vya silika, na upime uyeyukaji upya baada ya miezi 3 kwenye nyuzi joto 40 na unyevu wa 75%.

Kipimo chenyewe cha uyeyukaji nacho hudanganya. Kwenye bafa ya fosfeti (kimiminika kinachoshikilia kiwango cha asidi) ya pH 7.2, takriban 90% ya kurkumini huoza ndani ya dakika 30, hivyo mtu huona mchoro unashuka akalaumu unga wake. Tumia kimiminika chenye asidi na sabuni kidogo, vyombo vya kukinga mwanga, na chujio la mikromita 0.45. Bila kuchuja, chembe zisizoyeyuka zitahesabika kama zimeyeyuka.

Na muuzaji akikuonyesha grafu ya damu, muulize kama ni kurkumini huru (isiyofungwa) au "jumla". Hiyo jumla hupatikana kwa kuongeza kimeng'enya kwenye sampuli ili kiifungue kurkumini ambayo mwili ulishaifunga. Matangazo mengi ya mara 100 na kuendelea yamejengwa juu ya hesabu hiyo.