Kongoti wa Nyayo: tumkatie mti au tumwache?

Ukishuka matatu asubuhi karibu na mzunguko wa Nyayo, Nairobi, utamtambua mgeni kwa mwendo wake. Mgeni hupita moja kwa moja chini ya migunga. Mwenyeji huzunguka, yuko radhi akanyage lami na kupigiwa honi, mradi asipite chini ya ile miti. Mimi nilikuwa mgeni siku ya mahojiano yangu ya kwanza ya kazi. Niliingia bega la kushoto la koti limepakwa chokaa, na harufu ikanitangulia chumbani. Kwa hiyo nikisema nina neno la kumtetea kongoti, msidhani sijalipa ada.

Kongoti ni yule ndege mwenye upara na mfuko wa ngozi unaoning'inia shingoni. Nairobi wengi humwita marabou, Kampala ni karoli. Akisimama hufika kimo cha mita moja na nusu. Weupe wa miguu yake si rangi: hujinyea miguuni ili apoe jua linapokuwa kali. Hupenda kuzaa kwa makundi, viota vingi kwenye mti mmoja, kila kiota rundo la vijiti lenye mayai mawili au matatu. Huatamia kwa mwezi mmoja hivi, kisha kinda hukaa kiotani zaidi ya miezi mitatu kabla hajaruka. Piga hesabu: anayeishi chini ya mti huo ana zaidi ya miezi minne ya mvua isiyotoka mawinguni.

Wanaotaka afukuzwe wana hoja, na haifai kuwacheka. Kinachoanguka si kinyesi tu. Huanguka vipande vya utumbo, mifupa, na mara nyingine kinda. Mti wenyewe huumia. Majani hupukutika, matawi hukauka. Halafu kuna jambo ambalo mpita njia halioni: uwanja wa ndege wa Wilson uko kilomita chache tu kutoka hapo. Kongoti hupaa kwa kuzunguka polepole juu ya hewa ya moto, na ndege wa kilo sita au saba akigongana na kieropleni kidogo, rubani hana muda wa kujadili uhifadhi.

Watetezi wake hujibu kwa msemo mmoja: huyu ni mfanyakazi wa usafi asiyedai mshahara. Hapo ndipo ninapoachana nao kidogo. Kweli, huondoa mabaki ya nyama kwenye machinjio na masoko, na bila yeye uvundo ungezidi. Lakini anachokitafuta hasa ni nyama. Maganda ya matoke na sukumawiki iliyooza, ambayo ndiyo mzigo mkubwa wa taka zetu, huviacha palepale, na mifuko ya plastiki pia. Jiji linalomtegemea kongoti kwa usafi limekwisha kukata tamaa. Tena hoja hiyo ina hatari yake: siku tutakapopata malori ya taka ya kutosha, itakuwa ruhusa ya kumfukuza, kwa kuwa kazi yake imekwisha.

Mimi naona hoja nzito iko Kampala, katika historia yake. Kongoti hawakuwa wakazi wa jiji hilo tangu zamani. Walianza kujenga viota humo mwishoni mwa miaka ya 1960, na idadi yao ikapanda katika miaka iliyofuata, wakati utawala wa Idi Amin ulipoyumbisha huduma za jiji na taka zikabaki mitaani. Derek Pomeroy wa Chuo Kikuu cha Makerere aliandika juu yao tangu miaka ya 1970, na kadiri muda ulivyopita miti ya chuo hichohicho nayo ikajaa viota. Ndege alifuata chakula, kisha akatafuta mti mrefu karibu na chakula, mahali ambapo hakuna anayemrushia mshale. Kiota ni hatua ya mwisho ya safari hiyo. Sisi tunaanzia mwisho: tunakata mti, naye anahamia mti wa pili, mara nyingi wenye shule au kituo cha basi chini yake, maana jaa la taka halijasogea. Kiteezi, lililokuwa dampo kuu la Kampala, liliporomoka Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30. Hapo hata aliyekuwa akimlaumu karoli aliona tatizo lilikuwa wapi.

Nimewahi kujiuliza kwa nini huko Marekani furukombe, yule mla samaki anayetua pia kwenye fukwe zetu, hupokelewa kwa mikono miwili. Naye hujenga mahali pasipomhusu: juu ya nguzo za umeme, taa za viwanja vya michezo, maboya ya meli. Vijiti vyake vimewahi kuunguza nyaya na kukata umeme. Lakini kampuni za umeme humsimikia nguzo yake pembeni yenye jukwaa juu, na watu humfuatilia kwa kamera akilea makinda. Sehemu ya jibu ni kwamba alinusurika. Dawa ya kuua wadudu ya DDT ilikuwa karibu kummaliza kabla ya kupigwa marufuku huko mwaka 1972. Sehemu nyingine, nadhani, ni sura. Furukombe anakula samaki hai na ni mzuri wa kutazama. Kongoti anakula tulichotupa, na amefanana nacho.

Kumjengea kongoti jukwaa sishauri. Hana upungufu wa makazi. Wilson ikisema mti fulani uko kwenye njia ya eropleni, na ukatwe, ila viota vikiwa vitupu. Kongoti huanza kutaga wakati wa kiangazi, kwa hiyo mwenye msumeno anaweza kupanga ratiba; kuangusha makinda lamini mchana kweupe ni uvivu tu. Kwingineko, kuhamisha kituo cha basi mita 20 ni rahisi kuliko kuhamisha ndege, na pipa la machinjio lenye mfuniko litapunguza viota kuliko shoka lolote.

Juzi nilipita tena Nyayo, safari hii kwa kuzunguka. Mama wa mahindi choma alikuwa ameweka jiko lake hatua tatu nje ya ule mduara mweupe uliochorwa na ndege kwenye lami, mwavuli wazi, jua kali. Nilimuuliza kama hawamkeri. "Hao? Wakilea nasogea hapa, makinda wakiruka narudi kivulini," akasema, akageuza hindi.