Mtakwimu aitwe kabla ya mgonjwa wa kwanza

Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa uzamili, muuguzi kwa taaluma, alinijia ofisini na flashi mkononi. "Shikamoo mwalimu. Nimeshamaliza kukusanya data, naomba unisaidie kuchakata tu, natetea tasnifu mwezi ujao." Nikaifungua palepale. Watoto 63 waliolazwa kwa homa kali. Safu ya tatu imeandikwa "Umri". Mtoto wa kwanza 2, wa pili 8, wa tatu 11. Nikamuuliza: hii 8 ni miaka au miezi?

Akaisogelea skrini, akaitazama kwa muda mrefu. Dodoso lenyewe halikuuliza. Wa zamu ya mchana alijaza miezi, wa zamu ya usiku akajaza miaka, na kadi za watoto zilikwisharudi nyumbani na mama zao.

Niliumia pamoja naye. Miezi minane ya kazi, nauli ya kutoka mfukoni mwake, na watoto 63 waliotobolewa vidole kwa ajili ya swali ambalo data ile isingeweza kulijibu. Hakuwa mzembe. Tangu aanze chuo alikuwa ameambiwa kwamba takwimu ni sura ya nne ya tasnifu, ile ya matokeo: unakusanya kwanza, halafu unamtafuta mtu wa kompyuta akutolee majedwali. Kwetu mtakwimu anaitwa kama anavyoitwa mwosha maiti, pumzi zikishakatika.

Mfano wa hesabu iliyopangwa mapema, ninaourudia darasani kila mwaka, umetoka hapahapa kwetu. Ni jaribio la tiba linaloitwa FEAST, lililoongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi. Lilianza 2009 katika hospitali sita: Kilifi kule Kenya, Hospitali Teule ya Muheza hapa Tanga, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Mtoto analetwa na homa kali, mikono na miguu imepoa, anahema kwa shida au hajitambui. Miongozo iliyotumika katika nchi tajiri ilitaka aingiziwe maji mengi mshipani kwa haraka. Hospitali zetu nyingi hazikuwa zikifanya hivyo, na wengi waliamini kwamba huo ulikuwa umaskini wetu tu.

Basi watoto wakagawanywa makundi matatu. Wa kwanza walipewa maji ya albumini, yaani yenye protini ya damu, kwa haraka, wa pili dripu ya chumvi kwa haraka, wa tatu hawakupewa maji ya haraka, ila dawa na matunzo mengine yote waliyapata kama wenzao. Nani aingie kundi gani? Kulikuwa na bahasha zilizofungwa, zenye namba, zinafunguliwa kwa mfuatano.

Naomba tukae kidogo kwenye bahasha hiyo. Ni usiku, mama kampakata mtoto, daktari kasimama mbele yake. Moyo wa daktari unamvuta ampe maji huyu aliyezidiwa zaidi. Ukimwachia achague, waliozidiwa wote wataishia kundi moja, na mwisho wa siku hutajua kama kilichowaua ni maji au ni ugonjwa. Bahasha inamwondolea daktari uchaguzi huo. Kwa kuwa ni bahati iliyogawa, watoto wa makundi yote wanafanana kwa wastani, hata kwa mambo ambayo hakuna aliyeyapima. Ndiyo maana tofauti itakayojitokeza baadaye unaweza kuisimamia mbele ya mtu yeyote.

Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikikagua data ilishauri uandikishaji usimamishwe, ukasimamishwa. Walikwishafika watoto 3,141 kati ya 3,600 waliolengwa. Ndani ya saa 48, katika kundi la albumini walifariki asilimia 10.6, dripu ya chumvi asilimia 10.5, na kundi lisilopewa maji ya haraka asilimia 7.3. Maji tuliyodhani yanaokoa yalikuwa yanaongeza vifo.

Kila nikifika hapa darasa linanyamaza. Halafu mtu huuliza: kwani madaktari hawakuwa na macho? Walikuwa nayo, tena mazuri. Tatizo ni kwamba saa ya kwanza watoto wengi waliopewa maji walionekana kupata nafuu, na daktari anaondoka kitandani akiwa na hakika. Pia chukua wodi inayopokea watoto 30 wa namna hiyo kwa mwezi. Bila maji ya haraka watafariki kama wawili. Ukiwapa, kama watatu. Ni nani angemwona huyo mmoja? Mwezi mmoja wanazidi, mwingine wanapungua, malaria imepanda, daktari yuko likizo. Mtoto huyo haonekani kwa mtu aliyesimama wodini, hata akisimama hapo miaka ishirini. Anaonekana kwenye hesabu, tena hesabu iliyopangwa kabla.

Hesabu yenyewe mwanafunzi wa mwaka wa pili anaiweza. Ukitaka kuitambua tofauti ya asilimia 7.3 na 10.5 kwa uwezekano wa mara nane katika kumi, unahitaji takriban watoto 1,200 katika kila kundi. Ukichukua 60 kwa 60, unatarajia vifo vinne huku na sita kule, na hakuna kompyuta duniani itakayokwambia hiyo ni dawa au ni bahati tu. Hili linajulikana kabla ya kumgusa mgonjwa wa kwanza. Anayelipuuza anawatoboa watu vidole bure, na mimi siwezi kuliita hilo kosa dogo la kitaalamu.

Niseme pia, nisieleweke vibaya: watoto wenye kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa kwenye jaribio lile. Mtoto anayeharisha anahitaji maji, na ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya kunywa, ibaki nyumbani kama ilivyo. Kujua matokeo yanamhusu nani ni sehemu ya hesabu yenyewe.

Najua nitaambiwa watakwimu wa afya ni wachache na vyuo havina fedha. Uchache naukubali. Lakini saa mbili za mtakwimu mwanzoni ni nafuu kuliko wiki tatu za kuokoteza mwishoni. Kamati za maadili zinazopitisha tafiti zinaweza kuanza kesho: andiko la utafiti lisilo na hesabu ya sampuli, yaani wagonjwa wangapi wanahitajika, na jina la aliyeipiga lirudishwe kwa mwenyewe. Na wasimamizi waache kuwatuma wanafunzi kwetu mwezi wa mwisho.

Yule muuguzi alikusanya upya, na hakutetea mwaka ule. Safari hii alikuja na dodoso tupu, kabla hajaenda hospitali. Tulikaa alasiri nzima na hatukuuvuka ukurasa wa kwanza. Mahali pa umri pana visanduku viwili sasa, miaka na miezi, na chini yake mstari wa tarehe ya kuzaliwa, inakiliwe kutoka kwenye kadi ya kliniki wakati mama bado yupo.