Simu kubwa na kava gumu: tazama pembe kabla ya unene

Samsung ilipotoa Galaxy Note ya kwanza mwaka 2011, kioo chake cha inchi 5.3 kilionekana kikubwa kupita kiasi. Leo Galaxy S24 Ultra ina kioo cha inchi 6.8 na uzito wa gramu 232, iPhone 14 Pro Max inafika gramu 240, na simu nyingi za daraja hilo zimefunikwa kioo mbele na nyuma. Wanaotetea makava magumu husema kwamba kifaa cha bei kubwa chenye kioo pande zote mbili hakifai kutembezwa bila kinga. Wanaoyapinga hujibu kwamba kava la namna hiyo huifanya simu ambayo tayari ni kubwa isishikike vizuri, huifungia joto, na huficha umbo ambalo mnunuzi amelilipia. Pande zote mbili zina hoja za kweli, lakini naona zote zinalipima kava kwa kipimo kisichofaa, yaani unene wake.

Simu inayomponyoka mtu aliyesimama, kutoka kimo cha mita 1.2 hivi, hufika chini kwa kasi ya karibu mita 5 kwa sekunde. Kasi hiyo haitegemei uzito, ila nishati inayopaswa kumalizwa pale chini inautegemea: simu ya gramu 240 hubeba mara moja na nusu ya nishati ya simu ya gramu 160. Kinachoamua kama kioo kitapona ni umbali ambao ndani yake kasi hiyo inavunjwa. Simu ikisimama ndani ya milimita 1, nguvu ya wastani inayoikabili ni takriban mara 1,200 ya uzito wake. Ikisimama ndani ya milimita 4, nguvu hiyo inashuka hadi mara 300 hivi. Tofauti yote hiyo inaletwa na milimita tatu za kitu kinachobonyea. Plastiki ngumu isiyobonyea, hata iwe nene namna gani, huupitisha mshindo hadi kwenye fremu na kioo, na ndiyo sababu makava mazuri huunganisha ganda la polikaboneti (plastiki ngumu) kwa nje na tabaka la poliyurethani laini (plastiki inayobonyea kama mpira) kwa ndani, kila moja likiwa na kazi yake.

Mara nyingi pembe ndiyo inayotangulia kugusa ardhi, hivyo nishati yote hupita katika eneo dogo sana. Kwa simu kubwa kuna tatizo la ziada, kwa kuwa pembe iko mbali zaidi na kitovu cha uzito; ikishagonga, simu hujipindua na upande wa pili hubamizwa chini kwa kasi mpya. Kwa hiyo anayechagua kava aibonyeze pembe kwa kidole gumba kabla ya kuuliza lina unene gani. Pembe iliyotengenezwa vizuri hubonyea kidogo, kwa sababu ndani yake mpira umeachiwa vijinafasi vya hewa, kisha hurudi mara moja. Baada ya hapo ailaze simu kifudifudi juu ya meza na kuichungulia kwa usawa wa macho: mwanga unapaswa kuonekana ukipita kati ya kioo na meza, na vivyo hivyo kwenye lenzi za kamera simu inapolazwa chali. Kava la bei ya kati likifaulu majaribio hayo mawili, kwa maoni yangu, tayari linatoa sehemu kubwa ya kinga inayotolewa na kava zito kuliko yote.

Muuzaji naye atataja nembo ya kijeshi, na hapa panahitaji umakini. MIL-STD-810 ni kiwango cha majaribio cha Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Toleo la G lilitoka mwaka 2008 na la H mwaka 2019. Katika jaribio lake la kuangusha, kifaa huangushwa mara 26 kutoka kimo cha sentimita 122, yaani mara moja kwa kila uso, kila ukingo na kila pembe: nyuso 6, kingo 12 na pembe 8. Ni jaribio la maana, wala simlaumu anayeliheshimu. Hata hivyo, kiwango kinaruhusu maangusho hayo 26 yagawanywe kwa vifaa hadi vitano, na sakafu inayotumika ni plaiwudi ya sentimita 5 hivi iliyotandazwa juu ya zege. Zaidi ya hayo, wizara hiyo haimpi mtengenezaji wa makava cheti chochote. Mtengenezaji hujipima mwenyewe, au humlipa mtu ampimie, kisha huchapa nembo kwenye boksi. Nembo isiyoambatana na maelezo ya kimo, idadi ya maangusho na aina ya sakafu haimwambii mnunuzi jambo kubwa.

Sakafu ina umuhimu kuliko wengi wanavyodhani. Kioo cha simu, kama vile Gorilla Glass cha kampuni ya Corning, huimarishwa kwa kutumbukizwa katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa, ambamo chembe za sodiamu hutoka na nafasi zake kuchukuliwa na chembe za potasiamu zilizo kubwa zaidi, hata uso wa kioo ukabaki umebanwa. Kioo cha namna hiyo hustahimili kupindwa kwa kiwango cha kushangaza, lakini jiwe lenye ncha likichoma na kulivuka tabaka lililobanwa, ufa huanza hapo hapo. Ukingo wa kava ulioinuka kwa milimita 1 huiokoa simu iliyoangukia vigae au lami laini. Juu ya kokoto, jiwe lililochomoza zaidi ya milimita hiyo hukifikia kioo kana kwamba kava halipo, na kadiri kioo kinavyokuwa kipana ndivyo nafasi ya jiwe kukifikia inavyoongezeka. Kwa mtu wa mazingira hayo, protekta nzuri ya kioo ina umuhimu sawa na kava lenyewe.

Wapinzani wa makava magumu wana hoja yao yenye nguvu zaidi katika suala la joto. Betri ya lithiamu huzeeka haraka inapopata joto mara kwa mara, na Apple yenyewe inashauri simu itolewe kwenye kava ikiwa inapata moto wakati wa kuchaji. Tabaka mbili za plastiki na mpira ni blanketi, na simu kubwa inayochajiwa kwa kasi huku ikitumika inahitaji mgongo wake upumue. Kuchaji bila waya huathirika pia, kwa kuwa kila milimita inayoongezeka kati ya simu na chaja hupunguza ufanisi na kuongeza joto, na kava lisilo na sumaku zake huidhoofisha chaja ya sumaku.

Vumbi linazungumzwa kidogo mno. Kava la ganda gumu likivuliwa baada ya miezi kadhaa, mara nyingi huonekana mstari wa kijivu wa mchanga laini kando ya vitufe na kuzunguka kamera, na mchanga huo ukisuguana na fremu huikwaruza. Kava linalovulika bila taabu na kufutwa lina faida kuliko lile linalohitaji kung'ang'aniwa, kwa sababu la pili huachwa mpaka simu iharibike likiwa juu yake.

Kuhusu ukubwa, siwezi kuegemea upande mmoja moja kwa moja. Kava zito huweza kuongeza gramu 50 au zaidi na kuipanua simu hadi kidole gumba kishindwe kufika upande wa pili, na simu isiyoenea kiganjani huponyoka kwa urahisi. Hata hivyo, kioo na chuma kilichong'arishwa huteleza sana, na mpira usioteleza pembeni huzuia maanguko mengi yasitokee kabisa. Mwenye kiganja kidogo atanufaika zaidi na kava jembamba lenye mshiko mzuri, huku fundi anayepanda ngazi akiwa na glavu akihitaji lile zito.

Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu zinazouzwa katika Umoja wa Ulaya hubeba lebo inayoonyesha, pamoja na mambo mengine, daraja la ustahimilivu wa kuanguka kutoka A hadi E, na jaribio hufanywa kwa kimo cha mita 1 bila kava. Napenda hatua hiyo, kwa sababu inamrudishia mtengenezaji wa simu sehemu ya wajibu ambao umebebwa na mnunuzi kwa miaka mingi, na inamwezesha mtu kuona simu yake inahitaji msaada kiasi gani kabla ya kuinunulia kava. Mwenye simu ya daraja A anayefanya kazi mezani anaweza kutosheka na kava jepesi. Fundi wa ngazini bado atahitaji kava gumu pamoja na protekta hata kama simu yake ni ya daraja hilo, kwa kuwa kimo chake ni zaidi ya mita 1 na chini yake huenda pana kokoto.