Mafuta ya mwani: taa ndani ya tangi au jua juu ya bwawa?

Mwani ninaouzungumzia si ule unaolimwa Paje na Jambiani kwa kamba na vijiti. Ni ule wa seli moja, usioonekana bila hadubini, ambao ndani yake hujengeka matone ya mafuta yanayoweza kugeuzwa dizeli. Wanaoulima wana ubishi wa siku nyingi: mwanga utoke wapi? Wapo wanaotaka taa zizamishwe ndani ya tangi, katikati ya maji yenyewe. Wengine wanashikilia kwamba jua linatosha, tena halina bili.

Wa taa wana hoja nzito. Chukua chupa ya maji ya mwani uliokolea, uishike mbele ya dirisha saa sita mchana. Upande wa jua ni kijani kinachong'aa. Weka mkono nyuma ya chupa na huuoni kabisa. Seli za mbele zimemeza mwanga wote na za nyuma zimo gizani. Bwawani ni hivyo hivyo. Mabwawa mengi ya mwani yana kina cha sentimita 15 hadi 30, na mwani ukishakolea, mwanga hauvuki sentimita chache za juu. Seli za chini haziishi bure: zinapumua na kuchoma akiba iliyotengenezwa mchana.

Na huko juu hakuna neema kubwa. Aina nyingi za mwani hushiba kwa sehemu ya tano, pengine ya kumi, ya jua la mchana. Mwanga unaozidi hapo hupotea kama joto, na ukizidi sana huharibu mitambo ya usanisinuru, yaani ya kutengeneza chakula kwa mwanga, ndani ya seli. Bwawa moja, basi, lina waliovimbiwa juu na wenye njaa chini. Anayezamisha taa katikati ya maji anatibu tatizo la kweli, na jaribio likifanywa vizuri ukuaji hupanda.

Ila kukua si kutoa mafuta, na hapa ndipo mjadala mwingi unapopotoka. Seli hujaza mafuta hasa inapokosa nitrojeni huku ikiendelea kupigwa na mwanga mkali: haiwezi kujenga protini ya kugawanyika, kwa hiyo nishati inayoingia huiweka akiba. Kwa ukuaji unataka mwanga wa wastani uliosambaa, kila seli ipate kidogo. Kwa mafuta unataka kila seli ipate mwingi. Mpangilio mmoja wa taa hauwezi kuwa bora kwa yote mawili, na anayekuonyesha tangi lililokolea kijani kama ushahidi wa mafuta mengi hajakuonyesha kitu. Marekani walilijua hili mapema. Mradi wa wizara yao ya nishati, ulioendeshwa kuanzia 1978 hadi 1996, ulikuta kwamba kuunyima mwani chakula huongeza mafuta ndani ya seli, lakini ukuaji hushuka kiasi kwamba jumla ya mafuta haipandi.

Halafu kuna umeme. Taa nzuri za LED hugeuza zaidi kidogo ya nusu ya umeme kuwa mwanga. Tuseme uniti 60 katika 100. Tuwe wakarimu, tuuhesabie mwani asilimia 15 ya mwanga huo: zimebaki 9. Nusu ya hizo iwe mafuta, nao ni ukarimu mwingine: nne na nusu. Yachome kwenye jenereta urudishe umeme, utapata kama uniti moja na nusu, na bado hujalipia pampu, kuvuna wala kukausha. Hakuna namna ya kupanga taa inayoziba pengo hilo. Dizeli inayotokana na mwani wa taa ni hasara tangu kwenye fizikia, kabla mhasibu hajafungua daftari.

Hesabu inageuka bidhaa ikiwa ghali. Kule Iceland, ambako umeme wa jotoardhi ni rahisi, kampuni ya Algalif inalima ndani ya jengo, kwa taa, aina ya mwani inayotoa astaxanthini, rangi nyekundu inayouzwa kama lishe. Hapo taa zina haki yake kamili. Hata hivyo kwa mafuta ya lishe taa zina mshindani: kuna aina za mwani zinazolishwa sukari ndani ya matangi yenye giza totoro, na omega-3 ya maziwa ya watoto imezalishwa hivyo kwa miaka mingi.

Wanaotegemea jua nao wasijipigie makofi. Ule mradi wa Marekani ulichimba mabwawa ya mita za mraba 1,000 Roswell, New Mexico, jangwani kwenye jua tele. Kuna siku yalifikia gramu 50 za mwani kwa mita ya mraba, lakini baridi ya usiku iliwanyima mavuno ya uhakika. Jua peke yake halikutosha.

Kwangu mimi, jibu la maana zaidi lilitoka Třeboň, katika nchi inayoitwa leo Cheki, tangu miaka ya 1960. Hawakuhamisha mwanga, walihamisha maji. Mwani unatiririshwa juu ya sakafu iliyoinama kidogo, kwa tabaka lisilofika sentimita moja, ukichanganyika njia nzima, kwa hiyo kila seli huja juu na kurudi chini mara kwa mara. Humo mwani hukolea mara kadhaa kuliko wa bwawani, na kuvuna huwa rahisi. Kasoro ipo: pampu inakula umeme na maji hupoa haraka. Wengine husimamisha wima matangi membamba ya kioo yenye mwani ndani, jua la saa sita liyapige kwa pembeni na kusambaa kwenye eneo kubwa zaidi.

Kwa mwekezaji wa ukanda wetu wa ikweta, ambako usiku wa nyanda za chini hauna baridi ya Roswell, fedha ya kwanza ningeiweka kwenye kina kifupi na kuchanganya maji. Na anayekuja na michoro ya taa za kuzamisha aulizwe mambo mawili: gramu ngapi za mafuta, si za mwani, kwa siku, na uniti ngapi za umeme kwa kila lita. Aulizwe pia nani atakayezisugua taa hizo, maana mwani huzigandia na kuzifunika.