Ngulia: ukungu ukishuka, nyavu zinatuhesabia nini?

Vuli ya Ulaya huwatimua ndege kutoka kaskazini. Mvua zetu za vuli huwashusha Ngulia. Kati ya Novemba na Desemba, usiku usio na mwezi, ukungu ukifunika kilima kile cha Tsavo Magharibi nchini Kenya, ndege wasafirio gizani hupotea njia na kuvutwa na taa za hoteli. Tangu 1969 watafiti hutega nyavu hapo, na waliovishwa pete yenye namba mguuni wamepita laki mbili. Wengi ni Acrocephalus palustris, kijidege cha rangi ya udongo chenye gramu 12 hivi, kiendacho kusini mwa Afrika.

Wanaotilia shaka kazi hii wana hoja nzito. Pete haisemi kitu mpaka mtu mwingine aisome, na kwa ndege wadogo wanaokula wadudu hata mmoja katika mia hapatikani tena. Pia, ukungu ndio unaoamua hesabu. Mwaka wenye usiku tisa wa ukungu utaonekana una ndege tele kuliko wenye usiku watatu, hata kama huko juu walipita wale wale. Kusoma kupungua au kuongezeka kwa ndege katika jumla hiyo ni kosa, nalo hurudiwa mno.

Vifaa vya kisasa je? Kifaa cha kurekodi mwanga, ambao huonyesha ndege alikopita, hakitakiwi kuzidi asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa ndege, yaani gramu 0.36 hadi 0.6 kwa kijidege hiki. Hicho kinabebeka. Tatizo ni kwamba lazima umkamate ndege yule yule tena ili usome data, na mpita njia wa Ngulia harudi kwa miadi. Kazi hiyo inafaa Ulaya, anakorudi kuzaliana.

Kinachoipa Ngulia thamani, kwa maoni yetu, ni vipimo vya ndege akiwa mkononi: bawa kwa milimita, uzito kwa sehemu ya kumi ya gramu, mafuta yanayoonekana chini ya ngozi ya koo na tumbo. Palustris hubadili manyoya yote akiwa kusini, kwa hiyo mwezi Novemba mkubwa ana bawa lililochakaa na kufifia, na aliyeanguliwa mwaka huo bado ana lililo zima. Uwiano wa makundi hayo mawili hauyumbishwi na ukungu kama jumla inavyoyumbishwa, ingawa huenda wachanga wananaswa kirahisi zaidi.

Upande wa madhara, uchambuzi wa vituo vya Amerika Kaskazini uliotoka 2012 ulipata vifo 0.23 na majeraha 0.59 kwa kila ndege 100. Ni kidogo, lakini huo ni wastani. Usiku wa ukungu nyuzi hulowa, mifuko ya wavu hulegea, ndege huloa na kupoteza joto upesi. Wavu wa matundu ya milimita 16 ukijaa haraka kuliko mikono inavyotoa, ulimi hunasa na paja huteguka. Dawa yake ni kufunga nyavu mapema, kabla foleni ya mifuko ya vitambaa wanamosubiri ndege haijarefuka. Zunguka kila dakika 15 hadi 20, tafuta kwanza upande alioingilia ndege, mtoe kwa kufuata njia hiyo hiyo, mmoja mfuko mmoja. Pete ibanwe kwa koleo lake mpaka ncha zikutane bila kupandana, izunguke na kuteleza mguuni. Namba isomwe mara ya pili kabla ya kumwachia. Tarakimu moja ikikosewa, ndege huyo amesumbuliwa bure.

Ubishi wa hesabu nao ungepungua sana kama kila usiku ungeandikwa mita za wavu zilizofunguliwa, saa ngapi zilikaa wazi, ukungu ulishuka na kuondoka saa ngapi, na taa zipi ziliwaka. Jumla isiyo na maelezo hayo haina cha kulinganishwa nacho.