Kishikwambi kinamjibu nani?

Wanaoshabikia kompyuta hospitalini huahidi mambo manne kwa mkupuo mmoja: faili halitapotea, foleni itapungua, dozi haitakosewa na wizara itapata takwimu siku hiyohiyo. Wanaopinga huuliza nani ataiwasha umeme ukikatika, na nani atachapa wakati muuguzi ni mmoja na benchi limejaa. Katika nchi zenye kipato kidogo pande zote mbili zina ushahidi wa kutosha. Kinachoutenganisha ushahidi huo ni swali ambalo halipo kwenye maandiko mengi ya miradi: anayebonyeza anapata nini papo hapo?

Tuanze na upande wenye nguvu. Utafiti uliofanyika katika vituo 40 vya afya ya msingi mikoa ya Mbeya na Morogoro, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2024, uliwapa matabibu wa baadhi ya vituo hivyo kishikwambi chenye programu ya kuwaongoza hatua kwa hatua wanapomwona mtoto mgonjwa. Walipokitumia, watoto walioandikiwa antibiotiki walikuwa takriban asilimia 23. Kwenye vituo vilivyoendelea kama kawaida walikuwa asilimia 70. Na walioandikiwa dawa chache hawakupona vibaya kuliko wenzao.

Utendaji wa programu hiyo ni rahisi kuueleza. Mtoto wa miezi 8 ana kikohozi. Programu inadai uzito, joto, na pumzi zilizohesabiwa kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Katika umri huo, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia. Akishafika mwaka mmoja kiwango kinashuka hadi 40. Tabibu mwenye foleni ndefu huchanganya namba hizi, au huandika dawa kwa usalama wake mwenyewe. Programu haichoki saa nane mchana. Ikiwa ni nimonia isiyo kali na mtoto ana kilo 8, inataja kidonge kimoja cha amoxicillin cha 250 mg kinachoyeyuka kwenye maji, mara mbili kwa siku, siku 5.

Lakini tusikipe kishikwambi sifa zote. Vituo hivyo vilipewa pia kipimo cha oksijeni cha kidoleni, vipimo vya damu vya haraka, mafunzo na usimamizi wa karibu. Ukinunua programu ukaacha vingine, umenunua kitu tofauti na kilichofanyiwa utafiti. Halafu kuna hila ambayo mashine haiwezi kuigundua: tabibu asiyehesabu pumzi anaandika 38 na kusonga mbele. Ukiona kwenye takwimu za mwezi kuwa watoto wengi wana joto la 36.5 kamili, usishangilie afya yao. Nenda kaangalie kama kipimajoto kina betri.

Ujumbe wa simu nao una sura mbili. Jaribio lililochapishwa mwaka 2010 nchini Kenya lilikuwa likiwatumia wagonjwa walioanza ARV neno moja kila wiki: «Mambo?» Mgonjwa alijibu «Sawa» au «Shida» ndani ya saa 48, na mwenye shida alipigiwa na mhudumu. Waliosema wanameza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62, dhidi ya 50 ya wasiotumiwa ujumbe, na virusi vilifubaa kwa wengi zaidi. Mtindo huohuo ulipojaribiwa baadaye kuona kama utawafanya watu waendelee kuhudhuria kliniki mwaka wao wa kwanza, matokeo ya 2018 hayakuonyesha tofauti. Teknolojia haikubadilika, kilichobadilika ni tatizo. Nauli, kuhama makazi na hofu ya kuonekana kliniki havitatuliwi na neno «Mambo?».

Sasa upande wa pili, ambao kwa maoni yangu unapuuzwa zaidi. Mifumo mingi hujengwa ili kupeleka ripoti juu, na anayeijaza harudishiwi chochote. Chukua kituo cha wagonjwa 60 kwa siku. Kuingiza taarifa za kila mmoja kukichukua dakika 4, hizo ni saa 4 za mhudumu. Rejista za karatasi zikibaki vilevile, kama inavyokuwa kwenye miradi mingi, kazi hiyo ni nyongeza tupu. Basi mhudumu anaandika rejista mchana na kuchapa jioni, kwa mafungu, kwa kukumbuka. Onyo la mzio wa dawa linatokea kwenye skrini wakati dawa imeshamezwa. Hapo ubora wa huduma haujaguswa hata kidogo, ingawa ripoti inaonyesha mfumo unatumika kwa asilimia 100.

Uganda ilifika mahali pa kusema basi: mwaka 2012 wizara ya afya ilisimamisha miradi ya majaribio ya teknolojia ya afya hadi ipate kibali, kwa kuwa ilikuwa mingi na haisomani. Mgonjwa mmoja anakuwa Khadija huku na Hadija kule, kazaliwa 1 Januari kwa sababu tarehe halisi haijulikani, na simu ni ya mume. Bila namba moja ya mgonjwa na kanuni ya kulinganisha majina, kompyuta inazalisha mafaili mawili haraka zaidi kuliko masijala.

Umeme ni hesabu, si kisingizio. Betri ya risasi ya volti 12 (V) na ampea-saa 100 (Ah) ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu. Ondoa upotevu wa inveta, unabaki na kama 500. Kompyuta ya mezani ya wati 120 itakaa saa 4. Kompyuta mpakato ya wati 40, saa 12. Ruta ya wati 10 ikiachwa usiku na mchana inakula 240, karibu nusu ya akiba, na mara nyingi hakuna aliyeihesabu. Pia programu ihifadhi taarifa kwenye kifaa chenyewe na kuzituma mtandao ukirudi. Ile inayogoma kila bando likiisha haifai chumba cha kujifungulia.

Nywila moja iliyobandikwa ukingoni mwa skrini, zamu nzima ikiitumia, huonekana ni uzembe. Mara nyingi ni kwa sababu kuingia kunachukua dakika nzima na mashine ni moja kwa wauguzi watatu. Namba fupi ya siri ya kila mtu na skrini inayojifunga yenyewe husaidia kuliko karipio. Na hakuna sababu ya mtunza fedha kuona majibu ya VVU.

Kabla ya kununua, kaa kituoni siku mbili na saa mkononi. Andika ni rejista ipi itaondolewa na tarehe gani. Kama hakuna hata moja, ahirisha ununuzi. Kisha chapisha fomu za karatasi za siku ya kukatika umeme, zenye mpangilio uleule wa skrini, na umtaje kwa cheo atakayeziingiza ndani ya saa 24, na atakayeshika zamu yake wakati akiziingiza.